Shemeji anataka kuniletea msumeno unaosimama ukigusa nyama: nikubali?

BARUA

Shikamoo mzee,

Mimi ni seremala wa hapa Masasi, nina miaka 38, na karakana yangu iko upande wa barabara iendayo Nachingwea. Nafanya kazi na vijana watatu. Mmoja ni mdogo wangu wa tumbo moja, wawili niliwapokea baada ya kumaliza kidato cha nne, wakajifunzia kwangu na sasa ni mafundi kamili. Kila mmoja anapata kama laki mbili kwa mwezi, na msimu wa oda nyingi wanapata zaidi. Tunatengeneza vitanda, milango, fremu na makabati. Fanicha za ndani tunatumia mitiki na paini iliyokauka. Fremu na mbao za kuezekea tunapasua chochote mteja atakacholeta, na mara nyingi kinakuja kibichi.

Msumeno wetu wa meza tulichomelewa hapahapa mjini: meza ya chuma cha engo, mota ya hospawa tatu, mkanda, bledi ya inchi 12 isiyopanda wala kushuka. Ulikuja na kava. Tulilitoa kwa sababu lilikuwa linatuzuia kuuona mstari.

Desemba iliyopita, korosho zimeshauzwa na kila mtu anataka kitanda chake kabla ya mwaka mpya, kijana wa karakana ya jirani alikatika vidole viwili, cha shahada na cha kati. Mbao ilimrudia, mkono ukaifuata. Vijana wangu ndio waliomkimbiza hospitali kwa bajaji. Tangu siku ile mdogo wangu anapopasua mbao anageuza uso pembeni pale mwisho wa mbao unapokaribia bledi. Nimemwambia aache, anasema hajui kama anafanya hivyo.

Sasa kaka yake mke wangu yuko Ujerumani, naye ni mtu wa kazi za mikono. Alinitumia video: mtu anasukuma soseji kwenye bledi inayozunguka, mara paa! bledi imezama chini ya meza na soseji ina mkwaruzo tu. Anasema anaweza kuninunulia mashine ya namna hiyo. Hadi inafika hapa, pamoja na meli na ushuru, tumepiga hesabu ya kama milioni sita. Yeye atoe tatu, nami nitoe tatu.

Milioni tatu ninayo. Ni sehemu yangu ya korosho za shamba la mzee. Mke wangu anasema fedha ile ilipangiwa bati za nyumba. Rafiki yangu fundi anasema nikinunua mashine iwe ya kuranda, maana hiyo inaingiza fedha, na kwamba wazee wetu wamepasua mbao maisha yao yote na vidole vyao wakazikwa navyo. Nami nimebaki katikati.

Mzee, hicho kitu kinafanya kazi kweli au ni maonyesho ya video? Na kwa karakana kama yangu, kinastahili fedha hiyo?

Fundi wa Masasi

JIBU

Marahaba mwanangu, na poleni kwa yaliyompata kijana wa jirani. Mfikishieni salamu zangu.

Nianze na mdogo wako. Huyo kijana asisimame mbele ya msumeno ule tena mpaka umefanya haya nitakayokueleza hapa chini. Anayegeuza uso mbao inapomalizika amefumba macho katika sekunde ile ambayo mkono uko karibu zaidi na bledi. Hilo si la kumkaripia. Mwili wake umeshaona kilichotokea kwa jirani, na sasa unajilinda bila kumuuliza. Mpe kazi ya kuunga, kupiga msasa, kupaka vanishi. Atarudi kwenye msumeno mashine ikiwa imebadilika, na siku hiyo simama naye mwenyewe.

Sasa swali lako. Ndiyo, kitu hicho kinafanya kazi, na hakijaanza jana. Aliyekibuni ni Mmarekani aitwaye Steve Gass, mtu aliyesomea fizikia na sheria za hataza (haki ya mbunifu kumiliki ubunifu wake), mwaka 1999. Mashine za kwanza za kampuni yake, SawStop, ziliingia sokoni mwaka 2004. Bledi inapitishiwa umeme mdogo sana wa kupima. Mbao kavu haipitishi umeme vizuri, kwa hiyo kipimo kinakaa palepale. Mwili wa mtu umejaa maji na chumvi, kidole kikigusa jino moja tu kipimo kinashuka, na hapo springi inasukuma kipande cha alumini, ndiyo breki yenyewe, kiingie kwenye meno ya bledi. Bledi inasimama ndani ya kama milisekunde 5, na nguvu ileile iliyokuwa ikiizungusha inaivuta chini ya meza.

Milisekunde 5 ni muda gani? Bledi ya meno 40 inayozunguka mara 4,000 kwa dakika hupitisha meno zaidi ya 2,600 kila sekunde. Kwa hiyo kabla haijasimama, kidole kimekutana na meno kama 13. Ukiwa unasukuma mbao kwa mwendo wa kawaida, hayo hukuachia jeraha la milimita moja au mbili, la kufunga plasta na kurudi kazini kesho. Ila mkono ukivutwa ghafla na mbao iliyopiga teke, yaani iliyorushwa nyuma na bledi, unaingia kwa kasi zaidi na jeraha linakuwa refu zaidi. Video za soseji hazionyeshi hali hiyo, kwa sababu soseji husukumwa taratibu.

Usidhani wenzetu wa huko waliipokea kwa mikono miwili. Watengenezaji wakubwa wa misumeno waliikataa, wakisema ni ghali na kwamba mwenye hataza atawanyonya. Takwimu za serikali ya Marekani za mwaka 2015 zinaonyesha watu zaidi ya 30,000 walitibiwa kwa majeraha ya misumeno ya meza ndani ya mwaka mmoja, na waliokatika viungo walikuwa zaidi ya 4,000. Ndiyo nchi yenye mashine za kiwandani, kava, na vitabu vya maelekezo. Mwaka 2010 baraza la mahakama huko Boston liliamuru mtengenezaji mmoja amlipe mfanyakazi aliyeumia mkono dola milioni 1.5, na hoja kubwa ilikuwa kwamba teknolojia ya kumwokoa ilikuwepo na haikutumiwa. Bosch walipotoa mashine yao, inayozamisha bledi bila kuiharibu, walishtakiwa kwa hataza na ikaondolewa kwenye soko la Marekani. Kampuni ya Kijerumani inayomiliki Festool, chapa ya mashine za useremala, iliinunua SawStop mwaka 2017, na ndiyo maana shemeji yako anaziona madukani huko aliko.

Nimekueleza yote haya ili umjibu rafiki yako. Wazee wetu walipasua mbao kwa msumeno wa mkono na tezo. Msumeno wa mkono ukikuteleza unakuchana, unaufunga mkono kitambaa. Ukingo wa bledi ya mashine unakwenda karibu kilomita 190 kwa saa. Hayo mambo mawili hayafanani, na wazee wale hawawezi kutumika kama ushahidi kwa mashine ambayo hawakuwahi kuigusa. Hata wale wa rika langu waliozigusa, ukitaka kujua walizikwa na vidole vingapi, uliza familia zao.

Basi tuje kwenye karakana yako, maana mashine nzuri huko Hamburg, Ujerumani, yaweza kuwa mzigo Masasi.

Jambo la kwanza ni mbao mbichi. Nimekwambia breki inasoma maji. Mbao yenye unyevu mwingi nayo ina maji, na mashine yaweza kuidhania ni mkono wako. Ukikutana na msumari ndani ya mbao unaogusana na chuma kingine au na mkono wako, yaleyale. Watengenezaji wanalijua hilo, kwa hiyo wameweka ufunguo wa kuizima breki kwa muda unapopasua mbao mbichi. Lakini breki ikiwa imezimwa, una msumeno wa kawaida uliokugharimu milioni sita. Nawajua mafundi. Wakishazoea kuizima breki asubuhi kwa ajili ya fremu za mteja mmoja, jioni kitanda cha mtiki nacho kitapasuliwa kwa kuizima.

Jambo la pili ni katriji, yaani kile kisanduku chenye springi na kipande cha alumini. Breki ikishapiga, imekwisha. Ile katriji ni ya kutumika mara moja, huko kwao ni kiasi cha dola 100, na bledi iliyokuwa juu yake mara nyingi haifai tena. Nasema hivi bila kusikitika, kidole kina thamani kuliko katriji mia. Ninachokutahadharisha ni kwamba mashine ile haiwaki bila katriji. Ikipiga Novemba, oda zimejaa, na katriji nyingine iko Ujerumani, vijana watafanya nini? Watarudi kwenye meza ya engo, wakiwa na haraka na wameshazoea kwamba msumeno unawasamehe. Kwangu mimi hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko zote katika mpango wenu, na sijaona mahali mlipoifikiria.

Jambo la tatu ni bledi zenyewe. Zile za inchi 12 ulizonazo hazitaingia. Breki inakaa umbali mdogo sana na meno, kwa hiyo kipenyo cha bledi lazima kilingane nayo, na tundu la katikati liingie kwenye shafti. Bledi utazinunua za aina moja, na kunoa utanoa kwa mtu anayejua.

Umeona sasa kwa nini jibu langu linaanzia kwenye mashine kuukuu. Ununue mpya au usinunue, meza ya engo itaendelea kufanya kazi pale kwako. Ukiiacha ilivyo, milioni sita hazijamlinda mtu siku ya fremu mbichi.

Kijana wa jirani hakuusogeza mkono kwenye bledi, mbao ndiyo iliyompeleka. Meno ya mbele ya bledi yanashuka, yanaikandamiza mbao mezani. Meno ya nyuma yanapanda. Mbao ikijifunga nyuma ya bledi, au ikipinda ikaachana na reli inayoiongoza, meno ya nyuma yanaikamata, yanainyanyua na kuirusha kwako. Mbao mbichi na zile zenye nyuzi zilizosokotana hujifunga zaidi, kwa sababu ukishazipasua kila upande unataka kupinda kivyake. Mkono uliokuwa umeikandamiza mbao unabaki bila kitu chini yake, na bledi ipo palepale.

Dawa yake ni kibati cha chuma kinachosimama nyuma ya bledi, kwenye mstari uleule wa mkato, kikiizuia mbao isijifunge. Misumeno mingi mipya ya viwandani sasa inatoka nacho. Wewe una bahati moja, kwamba bledi yako haipandi wala kushuka, hivyo kibati chako kinaweza kufungwa mahali pamoja bila kusogezwa kila mara. Mpelekee fundi yuleyule aliyekuchomelea meza. Pima unene wa mkato wa bledi kwenye mbao, halafu pima unene wa bati la bledi lenyewe bila meno. Kibati kiwe katikati ya vipimo hivyo viwili. Mkato ukiwa milimita 3.2 na bledi ni 2.2, tafuta chuma cha 2.5 kilichonyooka kabisa. Kifuate duara la bledi, kisiachane na meno zaidi ya milimita 8, na ncha yake iwe chini kidogo ya kilele cha bledi. Kifungwe kwa bolti mbili chini ya meza ili uweze kukirekebisha. Kabla ya kuwasha, weka rula ndefu ubavuni mwa bledi hadi kwenye kibati, upande huu na upande ule. Kikikaa pembeni hata kidogo, mbao itakwama na kijana ataisukuma kwa nguvu, na hapo umemtengenezea ajali nyingine.

Kava nalo lirudi. Umesema lilikuzuia kuuona mstari, na nakuelewa, makava mengi ya kuchomelea ni boksi la bati lisilo na hata tundu. Tengeneza jingine jembamba la plastiki ngumu inayopitisha mwanga, lining'inie kwenye mkono wa chuma unaotoka pembeni mwa meza, linyanyuke mbao inapopita na kushuka mbao inapotoka. Na kwa kuwa bledi ya inchi 12 isiyoshuka inachomoza mno kwa ubao wa inchi moja, lalisha plaiwudi nene juu ya meza kwa kazi za mbao nyembamba, ili ibaki bledi ya kutosha kukata tu. Plaiwudi hiyo ifungwe imara, isicheze, na reli ikae juu yake. Kibati na kava vipimwe upya baada ya hapo.

Kisukumio ni bure. Chukua kipande cha mbao chenye urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, chonga mdomo wa pembe mraba kwenye ncha moja ili ushike kisigino cha mbao, na ncha nyingine iwe mpini wa kushika vizuri. Tengeneza sita. Kimoja kifungwe kamba pale kwenye reli kisipotee kwenye maranda, maana fundi hatembei hatua kumi kutafuta kisukumio. Weka alama ya rangi nyekundu mezani, sentimita 15 kila upande wa bledi. Mkono wa mtu usiingie ndani ya alama hiyo mashine ikizunguka, awe mdogo wako au wewe mwenye mashine. Na asimame pembeni kidogo ya mstari wa bledi, ili mbao ikipiga teke ipite, isimpige tumboni. Glavu zivuliwe, kwani jino likidaka uzi wa glavu linavuta mkono mzima.

Halafu swichi. Kama unatumia swichi ya kawaida ya ukutani, badilisha weka swichi ya sumaku. Umeme ukikatika inajiachia, na umeme ukirudi mashine haiwaki mpaka mtu abonyeze. Sina haja ya kukusimulia habari za umeme kukatika na kurudi. Fikiria tu kijana ameinama anaondoa kibanzi kilichokwama kwenye bledi, ameamini mashine imezimwa kwa kuwa imenyamaza. Fundi umeme anaiweka kwa nusu siku, na gharama yake haifikii bei unayouza mlango mmoja wa mninga.

Rafiki yako kuhusu mashine ya kuranda ana hoja nzuri kuliko anavyojua mwenyewe. Mbao yenye ukingo ulionyooka inalala vizuri kwenye reli na haiyumbi, na mbao isiyoyumba haipigi teke ovyo. Kwa hiyo randa nayo ni usalama wa msumeno, mradi ukumbuke kwamba visu vya randa navyo havichagui. Lakini hoja ya kwamba inaingiza fedha na breki haiingizi, hiyo naikataa. Fedha ya mashine ni yako, uamuzi wa kuitumia ni wako. Vidole vinavyosukuma mbao ni vya vijana watatu ambao hawakuulizwa kama wanakubali kufanya kazi bila kava. Ukipata faida unagawana nao laki mbili kwa mwezi. Kikikatika kidole hamgawani. Kijana wa miaka 22 asiye na kidole cha shahada hashiki vizuri patasi wala msumari, na hana shamba la mzee la kuangukia. Ndiyo maana ukiniuliza kama usalama unastahili gharama, sikubali uipime kwa mauzo ya vitanda.

Na hapa nikuulize jambo ambalo hukuliandika. Umewasajili vijana wako kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF? Sheria inamtaka kila mwajiri wa Tanzania Bara achangie, mfanyakazi hakatwi kitu. Kiwango kwa sekta binafsi ni nusu asilimia ya mishahara. Vijana watatu kwa laki mbili ni laki sita, nusu asilimia yake ni shilingi 3,000 kwa mwezi. Mtu akiumia kazini, Mfuko unagharamia matibabu na kumlipa fidia ya ulemavu. Karakana nayo inatakiwa isajiliwe OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, chini ya sheria ya mwaka 2003, na wakaguzi wao wakija usiwakimbie, waonyeshe msumeno wako na uwaulize maswali. Hilo la WCF lifanye wiki hii, hata kabla ya kibati.

Yakitokea ya kutokea, kila mtu pale awe anajua: zima mashine, bana jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia, inua mkono juu ya kifua. Kidole kilichokatika kifungwe kwenye kitambaa safi chenye unyevu kidogo, kiingie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo ndio uwekwe kwenye maji yenye barafu. Barafu isikiguse chenyewe. Kisha hospitali ya Mkomaindo au ya Ndanda, palipo karibu, pamoja na kidole. Kuunganisha kidole ni kazi ya mabingwa wachache, na Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 500 kutoka hapo ulipo. Hiyo nayo ni sababu ya mtu wa Masasi kuwa mwangalifu kuliko mtu wa Hamburg.

Uamuzi wangu basi. Ukubali zawadi ya shemeji yako, ila si sasa. Una vijana wa kuajiriwa, una kazi ya kutosha ya mtiki na paini kavu, na nusu ya bei unapewa na ndugu. Kwa hali hiyo mashine inastahili. Mashine mpya iwe ya mbao kavu tu, ufunguo wa kuzima breki ukae mfukoni mwako, na kila kibichi kiende kwenye meza ya engo iliyorekebishwa. Ungekuwa unapasua mbao za kuezekea peke yake ningekwambia usitoe hata senti.

Kwanza tengeneza ya zamani. Chuma, plastiki, swichi na kazi ya fundi havitafika mbali kwenye milioni tatu yako. Zinazobaki mpe mke wako aezeke. Hajakosea yule, na akiona umeheshimu mpango wenu msimu huu, msimu ujao mtakaa pamoja kuzungumzia mashine. Kaka yake naye mshukuru vizuri, mwambie nia unayo na unamwomba asubiri korosho zijazo, na kwamba katika ile milioni sita zihesabiwe katriji tatu za akiba na bledi nne. Kama fedha haitoshi kwa akiba hiyo, msinunue mashine mpaka itoshe.

Asikuletee ya Marekani hata akiipata kwa bei ya kutupa. Zile ndogo za huko ni za volti 120 na hezi 60, sisi tunatumia 230 na 50. Kabla hamjalipa, akutumie picha ya kibandiko kilicho kwenye mwili wa mashine, usome volti, hezi na kipenyo cha bledi. Picha hiyo mwonyeshe na fundi umeme wako, akwambie kama waya wa karakana unaibeba.